Riziki Iliyofichwa Ardhini: Kam'a ya Arabuni na Uyoga wa Vichuguu vya Kilombero

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukikanyaga kwa miguu wala hatukijali. Mazungumzo yetu yataanzia jangwani Arabuni na kumalizikia Ifakara, katika bonde la Kilombero, ambako nimesomesha watoto kwa miaka mingi, na ambako nilifanya kosa nitakalokusimulia bila ya kuficha.

Wamepokea Maimamu Bukhari na Muslim, kutoka kwa Said bin Zayd (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) ameihesabu kam'a kuwa ni katika mann, na kwamba maji yake yana ponyo kwa jicho. Naye Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa baadhi ya masahaba waliiita kam'a ndui ya ardhi, kwa vile walivyoiona inaufura mchanga kama upele unavyoifura ngozi. Mtume (S.A.W.) akawarekebisha kwa maneno yake hayo. Mann, kama ujuavyo, ni kile chakula walichoteremshiwa Bani Israil nyikani, wasikilime wala wasikipalilie. Wanavyuoni wakasema kuwa mfanano ndio huo: kam'a nayo ni riziki inayokuja pasipo jembe wala mbegu ya mtu. Ama kuhusu maji yake, wamekhitalifiana kama yatumiwe peke yake au yachanganywe na dawa nyingine, kwa hiyo asije mtu akajitia jichoni maji ya uyoga wowote aliouokota.

Kam'a ni nini basi? Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hatuioni sokoni, lakini jamaa zetu walioko nchi za Ghuba wanaijua, na huko aghlabu huitwa fagaa. Umbo lake ni kama kiazi mviringo kidogo, haina jani wala shina wala mzizi. Si kiazi, bali ni jamii ya uyoga uzaao chini ya ardhi. Hupatikana jangwani baada ya mvua za wasmi, zinazonyesha tangu katikati ya Oktoba mpaka mwanzo wa Disemba. Mvua hizo zikikosekana, mwaka huo kam'a huadimika. Waarabu wa kale waliiita mabinti wa radi, kwa kuwa waliiona ikifuata ngurumo. Mabedui huitafuta kwa macho. Hutazama mahali palipoota kimmea fulani kidogo, wakaona ardhi imeinuka na kupasuka, wakachimba.

Kimmea kile si alama tu. Nyuzi za kam'a, nyembamba kuliko unywele, zimeshikamana na mizizi yake. Kam'a humpa mmea maji na chumvi za ardhini, na mmea huipa kam'a chakula kilichotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Huko Ulaya iko jamaa yake iitwayo trufeli, inayokaa katika mizizi ya mialoni, na katika jangwa la Kalahari, nchi za Botswana na Namibia, iko kam'a ya huko. Uyoga wa kawaida hutoa kichwa juu na upepo ukachukua mbegu zake. Huu wa chini hauna upepo, kwa hiyo aghlabu hutoa harufu, mnyama akaifuata, akachimba, akala, kisha akazieneza mbegu kwa kinyesi chake. Ndiyo maana Wazungu huitafuta trufeli kwa mbwa, na zamani kwa nguruwe.

Je, Kilombero kuna kam'a hiyo? Hapana. Kam'a ya Arabuni ni ya jangwa, na Kilombero ni nchi ya maji. Kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, kusini-mashariki milima ya Mahenge, na katikati ni bonde la majani ambalo mto ukifurika hugeuka kama bahari. Mwaka 2002 bonde hilo liliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi za majimaji, nalo lina kilomita za mraba 7,967 hivi. Lakini nchi hii nayo imepewa hazina yake ya chini, na mimi niliishi juu yake bila ya kuijua.

Nilifika Ifakara mwaka 1986, kijana niliyetoka pwani kwa gari moshi la TAZARA, na vitabu vyangu ndani ya sanduku la bati. Nilipewa chumba, na uani palikuwa na kichuguu kikubwa kilichonipita kimo. Kila mwaka mvua zikikolea, bibi mmoja wa mtaani, Mndamba, alituletea bakuli la mchuzi wa uyoga. Ulikuwa mnene na mtamu, mfano wa nyama ya kuku. Tulimshukuru na kumwombea dua, wala hata siku moja sikumwuliza anautoa wapi.

Wanafunzi walipozidi, nikataka uwanja usawazishwe. Nikawaambia vijana, na nakumbuka maneno yangu, kuwa kile kichuguu ni jipu la ardhi, wakikate. Wakakichimba siku tatu mpaka chini, malkia wa mchwa akatolewa akapewa kuku. Udongo wake tukaufyatulia matofali, nao kwa hakika ni udongo mzuri kwa kazi hiyo. Mvua zilipofika, bibi akaja na kikapu chake asubuhi mapema, akasimama uani.

"Maalim," akaniuliza, "kichuguu kimekwenda wapi?"

"Tumekisawazisha, bibi, watoto wapate nafasi ya kusoma."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilianza kuchuma hapa na mama yangu. Ule uyoga mliokuwa mkiula, mlidhani naununua?"

Sikuwa na jawabu. Mwaka ule bakuli halikuja, wala mwaka uliofuata. Usiku mmoja nikiwasomesha vijana hadithi ya kam'a, nilipofika pale masahaba waliposema ndui ya ardhi, ulimi wangu ukawa mzito. Wao walisema neno lile wakarekebishwa, nami nilisema mfano wake huku hadithi nimeihifadhi tangu udogoni.

Tangu hapo nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mchwa wa vichuguu hivi hawezi kuimeng'enya miti mikavu na majani makavu peke yake. Kwa hiyo amepewa ukulima. Watumishi wake hukusanya majani na vijiti vilivyokufa, wakavitafuna na kuvitoa tena tumboni, na kwa vitu hivyo wakajenga chini ya kichuguu masega kama ya nyuki. Juu ya masega hayo huota kuvu, ambayo huyalainisha yale yasiyolika. Hutoa vivimbe vidogo vyeupe, mfano wa punje za ulezi, na mchwa huvila, kisha hula na sega lenyewe lililokwisha kulainika. Mchwa huliangalia shamba lake mchana na usiku, na kuvu za kigeni hazipewi nafasi. Ndani ya kichuguu joto na unyevu hukaa katika kiasi chake, hata nje kukiwa na jua kali au baridi.

Mvua zikinyesha vya kutosha, kumbikumbi huruka, na katika majira hayo kuvu ile hupandisha kutoka katika sega shina refu kama mzizi, likatoboa udongo na kufungua kichwa juani. Huo ndio uyoga wa kichuguu. Tunachokichuma sisi ni ua tu, shamba lenyewe liko chini. Iko aina moja, iliyoandikwa na wataalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, ambayo kichwa chake hufikia mita 1 kwa upana. Na jambo la ajabu zaidi ni kuwa binadamu, pamoja na mashine zake zote, hajafanikiwa kuulima uyoga huu kwa biashara kama anavyolima aina nyingine. Mwenye shamba ni mchwa, akiondoka na shamba limekwisha.

Wasomi wa Ulaya walianza kuandika habari za mashamba haya mwaka 1779, pale Johann Gerhard König alipoyaeleza kutoka Bara Hindi, na mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim akaipa jamii hiyo ya uyoga jina lake la kitaalamu. Lakini umri wake si wa jana. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa katika bonde la ufa la Rukwa, kusini-magharibi ya Tanzania yetu, yamepatikana masega ya mchwa yaliyogeuka mawe, na umri wake umekadiriwa kuwa miaka milioni 25. Sisi wanadamu ukulima wetu ni wa miaka elfu kumi na kidogo. Basi katika nchi hii hii mchwa alikuwa mkulima kabla ya mtu kushika jembe. Nawe msomaji umekwisha kumsoma mdudu huyu wa ardhi katika Suratu Saba, yeye ndiye aliyeila fimbo ya Nabii Sulaiman (A.S.), na majini wakatambua kuwa hawakuwa wakiijua ghaibu. Kiumbe aliyewafundisha majini hawezi kushindwa kumfundisha maalim mmoja wa Ifakara.

Hazina ya pili iko katika mizizi ya miombo, miti inayovaa vilima vya pembezoni mwa bonde. Habari yake ina kisa cha kihistoria kinachotuhusu. Katika karne ya 19 wizara ya kilimo ya Prussia, dola kubwa katika Ujerumani, ilimtaka profesa mmoja wa Berlin, Albert Bernhard Frank, achunguze namna ya kulima trufeli, kwa kuwa matajiri waliipenda. Frank akachimba mizizi ya miti ya msituni, akaikuta imevishwa nyuzi za kuvu kama mguu uliovaa soksi, na mti hauumwi bali unastawi. Mwaka 1885 akauandika ushirika huo na kuupa jina la Kiyunani, mikoriza, maana yake kuvu-mzizi. Mwaka huo huo wa 1885, mwezi wa Februari, Kaiser wa Ujerumani alimpa Carl Peters na wenzake hati ya himaya juu ya nchi walizodai huku kwetu. Serikali moja ikawa inatafuta chini ya ardhi yake, na kwa mkono mwingine inatwaa ardhi ya wengine.

Waliyoyaleta yanajulikana. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, na tarehe 30 Agosti mwaka huo boma la Mahenge, ng'ambo ya bonde letu, likashambuliwa. Jeshi la Wajerumani likajibu kwa kuchoma mashamba na maghala, hata njaa ikawa silaha kubwa kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, na wanahistoria wa baadaye wakasema ni zaidi ya 200,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Ghala likiisha kuchomwa, mama hana pa kwenda ila porini, kwenye mizizi, matunda, majani na kila alichofundishwa na mama yake kuwa kinalika. Na hata katika miaka ya amani, uyoga hutoka miezi ile ile ambayo mpunga bado uko shambani na chungu ni chepesi. Ukitaka kujua historia ya nchi usiitazame katika maboma peke yake. Itazame na katika vikapu vya kina mama, maana bila ya vikapu hivyo wasingebaki wa kuisimulia.

Miombo ya kwetu ilichunguzwa na Mswidi Peter Högberg, ambaye mwaka 1982 alichapisha utafiti wake juu ya mizizi ya miti ya Tanzania, akaonyesha kuwa kuvu ya namna ile aliyoiona Frank imo katika miti ya miombo. Kwa hiyo uyoga wa manjano na mwekundu unaochumwa chini ya miombo hauoti popote upendapo, unataka mizizi ya mti wake. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakatoa kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya elimu ya aina zinazolika ilitokana na kuwauliza wanavijiji. Maprofesa hawakuona haya kumwuliza bibi aliye na kikapu. Aliyeona haya ni mimi, niliyekaa naye mtaa mmoja.

Sasa tazama hali ilivyo. Tangu miaka ya 1960 miwa imetanda kaskazini ya bonde. Mwaka 1975 reli ya TAZARA ilikamilika, na watu wakaja kutoka kila upande kulima mpunga, nami ni mmoja wa hao waliokuja na reli. Mwaka 1992 ilianzishwa kampuni ya kupanda mitiki. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja kubwa la mto Kilombero, na safari ya Mahenge haingoji tena kivuko. Haya yana kheri nyingi, na mwenye kula wali wa Ifakara asiwatukane wakulima wake. Lakini mwombo ukikatwa kwa mkaa, kuvu ya mizizi yake hubaki bila ya mwenziwe, nayo hufa. Mtiki nao una kuvu yake ardhini, lakini si ya namna itoayo uyoga wa kuliwa. Kichuguu kikilimwa kwa trekta mara kwa mara, mchwa huhama au huangamia. Haya hayaonekani kwa jicho. Siku mti ulipoanguka sote tulisikia kishindo, na kilichokufa chini yake hakikutoa sauti.

Kinachokufa pamoja nacho ni elimu, na hapa ndipo penye hatari, ndugu msomaji, kwa kuwa uyoga haufanyiwi mchezo. Iko aina inayoua. Mtu huila, akakaa saa nyingi akiwa mzima, kisha akatapika na kuharisha, akapata nafuu ya uongo, na kumbe ini lake linaharibika. Watu husema ati uyoga wenye sumu hugeuza kijiko cha fedha kiwe cheusi, au ukila mdudu basi na mtu aweza kuula, au kuuchemsha sana huondoa sumu. Yote haya si kweli, na yamewaua watu. Hakuna kanuni moja inayoutenga mzuri na mbaya. Lazima uijue kila aina kwa sura yake, mahali pake na majira yake. Aliyeula asioujua na akaumwa apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yachukuliwe yaonyeshwe kwa daktari, wala pasingojwe mpaka kesho.

Katika madrasa zetu hatupokei elimu kwa kila mtu. Tunauliza: umesoma kwa nani, na yeye kwa nani? Hiyo ndiyo isnadi. Nilipokwenda hatimaye kwa bibi yule kumtaka radhi, nilimwuliza amejuaje uyoga mzuri na mbaya. Akanijibu kuwa alionyeshwa na mama yake, naye alionyeshwa na bibi yake, na kila mmoja alipelekwa kwa mkono mpaka penyewe, akakosea akarudishwa, mpaka akaaminiwa kuchuma peke yake. Nikasema moyoni: hii ni isnadi kamili, na ijaza yake imetolewa kwa mtihani mkali kuliko wetu, kwa kuwa anayekosea katika somo hili huwazika watoto wake. Nikamwomba awachukue wanafunzi wangu wakubwa. Akawachukua misimu miwili, Mungu amrehemu, kisha akafariki. Binti zake wanaishi mjini na hununua mboga sokoni. Waliobaki kujua katika mtaa ule ni wanafunzi wangu watano, na yale waliyoyashika katika misimu miwili si sawa na yale aliyoyashika yeye katika umri mzima.

Basi wasia wangu ni mambo matatu. Kwanza, kama una bibi au mama anayejua ya porini, iwe ni uyoga, mboga au dawa, fuatana naye msimu huu, usiseme mwakani. Pili, ukisafisha shamba au kiwanja, na kichuguu hakikudhuru nyumba, kiache. Wakulima wengi wanajua kuwa udongo wa kichuguu una rutuba, na mahindi na mboga hustawi ubavuni mwake, basi kinakufaa mara mbili. Tatu, ukiona kitu cha Mwenyezi Mungu usichokijua faida yake, usikipe jina la dharau. Uliza kwanza.

Uwanja wa madrasa yangu ni sawa hadi leo, na watoto husoma juu yake. Mwaka wa jana, katika pembe ya ua karibu na mwembe, vijana waliona udongo umeinuka kidogo, wa rangi nyekundu, mbichi. Mmoja akaja mbio na jembe kuniuliza akiondoe. Nikamwambia arudishe jembe ndani, nikamketisha, nikamfungulia mlango wa hadithi ya kam'a.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.